Changarawe Upande wa Kushoto

Niliisikia kabla sijaingiza ufunguo mlangoni: injini inapanda mlima kwa gia ya tatu, inavuta pumzi, inashushwa hadi ya pili, halafu changarawe zinaanza kusagika chini ya matairi, krr, krr, krr, kama mtu anatafuna barafu. Nikasimama pale kwenye ngazi, mfuko wa vifaa begani, nikisubiri zinyamaze. Zikinyamaza maana yake gari limerudi kwenye lami. Hazikunyamaza. Ziliongezeka, kikafuata kishindo cha bati, kioo kikamwagika, kisha kimya.

Ndani ya kimya hicho nikamsikia mama yangu akisema polepole, kama anayemwomba mtu msamaha, "Tena."

Nilipofungua, sebule ilikuwa imejaa mwanga wa alasiri uliochujwa na pazia la manjano, mwanga mzito, wa kuogelea. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha mikono. Usukani wa gemu ulifungwa kwenye meza ndogo mbele ya magoti yake, pedali zikiwa chini ya nyayo zake tupu, na spika mbili nilizozitengeneza mwenyewe zilisimama kila upande wa kiti kama walinzi wa benki. Televisheni ilikuwa mbele yake lakini hakuielekea. Kichwa alikiinamisha kidogo, kama mtu anayesikiliza maongezi ya chumba cha pili.

"Mara ya ngapi leo?" nikauliza.

"Ya tisa. Na zote kona ya nne." Akauachia usukani, ukajirudisha katikati wenyewe ukitetemeka. "Kona ya nne, baba! Mwaka jana nilikuwa naipita huku nikijikuna kichwa."

"Si wewe, Mama. Ni gemu. Hawa watu wametuuzia kitu kibovu tena."

"Kila mwaka unasema ni gemu."

"Kwa sababu kila mwaka ni gemu!"

Akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, na kilipoisha akashika ncha ya sikio lake la kushoto akalivuta taratibu, kama anayehakikisha bado limeshikilia vizuri. Nilikiona kitendo hicho. Kiliniingia kama mwiba.

Mama yangu aliendesha lori la trela kwa miaka ishirini na miwili. Madereva wenzake walimwita Mama Trela, na mpaka leo wakimpigia simu hawamwiti jina lingine. Hakuwahi kukwaruza hata bampa. Kisha ikaja presha ya macho, ugonjwa unaoiba kutoka pembeni bila kuuma: kwanza unakunyang'anya pembe za dunia, halafu kuta, mwishowe unabaki ukitazama kila kitu kupitia tundu la ufunguo. Walimpima njiani, katika kituo cha mizani, safari ikiwa nusu. Mpimaji akamwomba ufunguo wa lori. Akaletwa dereva mwingine, na mama akarudishwa yadi akiwa amekaa kiti cha utingo, kile cha msaidizi, mikono mapajani kama mgeni. Lori lilipoegeshwa, aliyelizima ni yule mwingine.

"Sikulizima mwenyewe," aliniambia siku ile. Macho hakuyalilia. Alililia hilo. "Miaka yote hiyo kila safari niliianza mimi na nikaimaliza mimi. Hii moja imebaki inanguruma kichwani. Mpaka sasa ninavyokwambia, haijazimwa."

Gemu nilimletea kama mzaha, *Mbio za Milimani*, nikamfungia na usukani. Siku za mwanzo alicheza kwa lile tundu la ufunguo. Tundu lilipoanza kujaa ukungu, akahamia masikioni bila kumtangazia mtu. Siku moja nilimkuta anaendesha, televisheni imezimwa, spika tu ndizo zinazonguruma.

"Mama, skrini haijawashwa."

"Najua. Ya nini kuchoma umeme bure?"

Barabara yake ilikuwa moja tu, ile ya mlimani, kilomita kumi na tisa, kona sabini na moja, kuanzia darajani chini hadi kiwanja cha changarawe kileleni. Kila toleo lilikuwa nayo. Mama aliijua kwa sauti. Upande wa mwamba, mngurumo wa injini hurudi haraka na mzito, kama umefungiwa ndani ya pipa. Upande wa bonde haurudi. Huko ni upepo tu. Tairi la kushoto likitoka kwenye lami, changarawe husagika katika spika ya kushoto; la kulia likitoka, husagika kulia. Katikati ya hayo yote hubaki ujia mwembamba wa utulivu, na humo ndimo mama alimopita, siku baada ya siku, kona baada ya kona. Alitaka kitu kimoja: afike kileleni bila kugusa chochote, aegeshe, azime injini kwa mkono wake.

Mwaka jana alifika kona ya sitini na nane. Zilibaki tatu. Kesho yake toleo jipya likatoka, na la zamani likagoma kufunguka. "Huduma ya toleo hili imesitishwa. Karibu kwenye toleo jipya." Nilimsomea maneno hayo kwa sauti, nikayarudia, na kila nilivyoyarudia ndivyo nilivyozidi kutamani kumjua aliyeyaandika, nimfuate mlangoni kwake.

Toleo hilo jipya lilikuwa kama ndoto ya mtu mwenye homa. Miti ilining'inia angani, mizizi ikipepea. Mashabiki kandokando ya barabara walikuwa na kofia lakini hawakuwa na nyuso. Mara nyingine gari lilizama ndani ya lami mpaka madirishani na likaendelea kwenda hivyo hivyo, taratibu, kama kiboko. Siku moja jua lilichomoza mara mbili, na hilo la pili lilikuwa la mraba. Mimi nilikaa kwenye stuli kando ya mama nikimsimulia, naye aliniita utingo wake.

"Utingo, leo tuna nini?"

"Kuna ng'ombe amesimama hewani, Mama."

"Anakula?"

"Anakula."

"Huko hewani anakula nini?"

"Wingu."

"Mwache ale. Niambie barabara."

Barabara ilionekana sawa kabisa. Hilo ndilo lililonichanganya. Ng'ombe na miti na jua la mraba havikumsumbua mama hata kidogo, kwa kuwa havikuwa na sauti. Lakini mwezi mzima alikuwa anaishia kona ya nne.

Nikaiandikia kampuni. Barua ya kwanza ilikuwa na adabu zake zote, salamu mpaka mwisho. Wakanijibu: "Ndugu Mchezaji, tunathamini maoni yako. Je, umejaribu kuzima na kuwasha tena?" Ya pili sikuweka salamu. Ya tano ilikuwa na moto wa kuchemsha sufuria. Majibu yakawa yale yale, neno kwa neno, huku wao wakituma masahihisho yao, yale ambayo sisi wachezaji tunayaita viraka. Kiraka cha kwanza: "Tumeboresha mng'ao wa kofia za mashabiki." Cha pili kilimwondoa ng'ombe. Mama alimkumbuka siku mbili nzima. Cha tatu kilishusha miti chini, ila kikaiotesha katikati ya daraja.

Kazini, katika duka letu la kutengeneza redio na spika, mwenzangu alinisikia nikisaga meno juu ya simu. Tunamwita Mita, kwa sababu hawezi kukiamini kitu mpaka akipime kwa mita yake ya umeme. Hata betri mpya ndani ya plastiki ataipima.

"Hivi unaiandikia kampuni au unauandikia ukuta?" akaniuliza.

"Watanisikia. Andika hapo kwenye kalenda: hao watu nitawafanya warekebishe gemu yao mimi, kwa kalamu yangu."

"Kalamu ipi? Unaandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka."

"Wiki mbili, Mita."

"Haya bwana. Wiki mbili." Akaichukua kalenda kweli, akaweka alama.

Majigambo hayo sikuyaacha dukani. Niliyabeba hadi nyumbani na nikamwambia mama vile vile, nimesimama katikati ya sebule, kidole juu. "Nipe wiki mbili, Mama." Akatabasamu kuelekea sauti yangu. "Nakupa," akasema.

Siku ya kumi na tatu, mama akiwa bafuni anaoga, nilikaa kwenye kiti chake. Sijui kwa nini sikuwa nimefanya hivyo mapema. Nilishika usukani, nikafumba macho, nikakanyaga mafuta.

Giza la kope zangu likawa na barabara ndani yake. Nikapita darajani, mto uliniimbia chini. Nikasikia changarawe kulia, kwa hiyo nikakata kushoto kurudi kwenye lami, na changarawe zikazidi, nikakata zaidi, nikapiga mwamba. Nikafumbua macho. Matairi ya kushoto ndiyo yaliyokuwa nje ya barabara. Nikajaribu tena, jicho moja nimefumba na moja nimefumbua, na hapo dunia ikajipinda mbele yangu kama shati lililovaliwa kinyume. Bonde lilikuwa limehamia upande wa mwamba. Upepo ulitoka kwenye jiwe, na mwangwi ulitoka kwenye uwazi. Hawa mabwana walikuwa wamebadilisha kushoto na kulia! Mamilioni ya watu walikuwa wanacheza na hakuna aliyegundua, kwa kuwa wote walikuwa wanatazama.

Dawa yake ilikuwa ya dakika moja. Nyuma ya kiti, kwenye amplifaya, nilichomoa waya wa kushoto nikauchomeka kulia, na wa kulia nikauchomeka kushoto. Basi. Maji bafuni hayakuwa yamekatika bado.

Ningemwambia hapo hapo. Nilikusudia kumwambia, naapa. Lakini mama alitoka, akaketi na taulo kichwani, akaondoka darajani kwa mazoea tu, bila matumaini, na kona ya nne ikampita chini ya mikono kama maji. Ya tano. Ya kumi. Ya ishirini na tatu. Akaachia usukani, gari likajiendea likaanguka bondeni bila yeye kujali, akainua mikono juu.

"Wamerekebisha!" akapiga kelele. "Baba, wamerekebisha!"

Na mimi nikasema, "Nilikuambia watanisikia."

Maneno mawili tu. Yalitoka mepesi kama mvuke wa kikombe.

Jioni hiyo hiyo akawapigia simu madereva wenzake wote wa zamani. "Kijana wangu ameisukuma kampuni nzima kwa barua," alisema, na akarudia kwa mwingine, na kwa mwingine, na kila aliporudia kampuni iliongezeka ukubwa. Sifa zilinikaa mabegani kama koti jipya. Kazini Mita alivua kofia akaniinamia. Nikapokea na hizo. Kwa siri nikaiandikia kampuni barua ya kumi na moja, ya mwisho, nikiwaeleza kwamba sauti za kushoto na kulia zimebadilishana.

Zikafuata wiki tatu ambazo nikizikumbuka nazikumbuka kama chumba kimoja kirefu chenye mwanga wa manjano. Kila alasiri nilirudi nikasimama kwenye ngazi nikisikiliza kabla ya kufungua. Kona ya arobaini. Ya hamsini na tano. Nikiwa na kitasa mkononi nilimfuata mama yangu kwenye ukungu, juu ya mawingu, mahali ambapo injini ilianza kukonda kwa hewa nyembamba, na hakukuwa na changarawe hata moja. Alifika ya sitini na tisa. "Mbili," aliniambia usiku ambao jirani zetu hawakulala kwa furaha yake, maana aliniambia kwa kupiga makofi. "Mbili tu, utingo!"

Kisha siku moja nikasimama kwenye ngazi na hakukuwa na sauti yoyote.

Ndani, usukani ulikuwa umerudishwa kwenye mfuko wake. Pedali zilikuwa zimefutwa vumbi na kuviringishwa kwenye magazeti. Televisheni ilifunikwa kitambaa. Mama alikuwa amekigeuza kiti chake, anaelekea dirishani, mwanga umemlalia usoni na yeye hautazami.

"Mama?"

"Kona ya kwanza," akasema. "Leo nimegonga kona ya kwanza. Hata daraja halijaisha vizuri. Mara kumi na nne."

"Labda gemu imeha..."

"Usinitetee kwa gemu. Gemu umeirekebisha wewe. Uliwaandikia, wakakusikia, nimeendesha wiki tatu kama malkia. Kilichoharibika sasa ni hiki." Akagusa sikio. "Nasikia mwamba, nakwepa, kumbe nimelifuata jiwe lenyewe. Macho nayo yalianza hivi hivi. Kwa kunidanganya kidogo kidogo."

Nikafunua televisheni, nikafunga usukani, nikaendesha. Niliendesha macho nimeyatoa kama taa. Nikapita kona ya kwanza, ya pili, nikafika ya kumi na mbili salama salimini. Gemu haikuwa na tatizo. Mimi, fundi wa spika, niliyezigundua sauti zilizopinduka wakati dunia nzima imelala, nilikaa pale nikatazama badala ya kusikiliza, kama wengine wote. Zile nyaya hazikunijia kichwani kabisa. Uongo wangu ulikuwa umekaa nyumbani wiki tatu, nikauzoea kama stuli.

Nikaamini kwamba mama yangu anapoteza masikio.

"Usukani mpelekee mwenzako wa kazini," akasema. "Yeye ana macho na ana masikio. Usiuweke hapa ukanitazama."

Asubuhi nikaubeba. Mfuko ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na njia nzima ulinigonga pajani, taratibu, kama mtoto anayevuta nguo.

Mita alikuwa ameshafungua duka, ameegemea meza, anacheka na simu yake. "Fundi! Umeona walichofanya? Kiraka cha nne. Kilishuka chenyewe jana asubuhi watu wakiwa makazini. Wachezaji wamewaka moto! Kule kileleni barabara imefutika."

"Imefutikaje?"

"Baada ya kona ya sabini hakuna kitu. Lami inaisha, unaona mawingu matupu. Kila mtu akifika hapo anafunga breki, gari linaserereka, linaanguka. Tangu jana hakuna hata mmoja aliyepita. Sikiliza sasa eti walichorekebisha." Akajikohoza, akajitia sauti ya mtangazaji. "Moja: tumeongeza rangi sita za kofia. Kofia tena! Mbili: mashabiki sasa wana nyuso. Hewaa..." Akaendelea kushuka kwa kidole huku mimi nikichomeka chuma cha kulehemia kipate moto. "Kumi na saba: sauti za kushoto na kulia zilikuwa zimebadilishana. Sasa kila sauti inatoka upande wake. Tunamshukuru mchezaji aliyetuandikia mara kumi na moja."

Akaishusha simu.

"Mara kumi na moja," akasema. "Si wewe huyo? Lakini wewe si walikurekebishia tangu..." Akahesabu kwenye kalenda yake yenye alama. "Mbona tarehe haziingii?"

Chuma kilishika moto mkononi mwangu, kikaanza kunuka. Miezi miwili nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo. Nilikuwa nimeiota: watanijibu, watakubali, nitaikata nitaibandika ukutani. Sasa imekuja, tena ya kweli, na nilichokiona mbele yangu ni nyaya mbili nyuma ya kiti.

"Umeshinda, mbona umenuna?"

"Mita, nimemtia mama yangu uziwi."

"Nini?"

Nikamweleza yote. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakufanya mzaha. Alichukua chuma mkononi mwangu, akakichomoa kwenye umeme, akanitundikia mfuko wa usukani begani.

"Wewe ulikuwa hujapima," akasema. "Nenda nyumbani."

Nilirudi kwa miguu. Mtaa ulikuwa na jua na nusu ya njia nilitembea nimefumba macho, nikijikwaa, watu wakinitukana. Upande wa kushoto cherehani ilikimbia, ikapumzika, ikakimbia. Kulia maji yalikuwa yanajaa ndoo, sauti ikipanda jinsi ndoo ilivyojaa. Mlango ulifungwa. Mtu alimwita mtu. Kila kitu kilikuwa upande wake. Niliwaza jinsi ambavyo mtu angejisikia akiamka siku moja cherehani imehamia kwenye ndoo, na kila anayemuuliza anamwambia, mbona sisi tunaona iko pale pale.

Mama alikuwa anakunja nguo. Hakugeuka. "Umerudi mapema. Umefukuzwa?"

"Hapana. Mama, nyaya za spika nilizibadilisha mimi."

Mikono yake ikasimama juu ya shati.

"Rudia."

"Kampuni haikuwa imerekebisha kitu. Niligundua kushoto na kulia zimepinduka, nikazipindua tena huku nyuma ya kiti, ukiwa unaoga. Nikakuambia ni wao kwa sababu yangu. Jana asubuhi ndipo wamerekebisha kweli, na nyaya zangu zikaharibu. Masikio yako hayana kitu. Ni mazima kabisa. Ni mimi."

Akalikunjua shati.

"Wiki tatu," akasema.

"Wiki tatu."

"Na mimi nimewapigia simu watu kumi na wawili."

"Ndiyo, Mama."

"Hilo litapita, watanicheka kidogo." Akalaza shati, akalinyoosha kola. "Lakini jana nimelala nikiyaaga masikio. Nililala najaribu kukariri sauti yako. Jinsi unavyosema 'Mama'. Ili ikiondoka, nibaki nayo."

Mimi, mwenye maneno ya kujaza barua kumi na moja, nikaokota shati jingine nikaanza kulikunja.

"Funga usukani," akasema. "Nyaya usiguse. Kaa kwenye kiti changu, fumba macho, uendeshe."

Nikaendesha. Nikagonga daraja. "Tena," akasema. Nikasikia mwamba nikaukwepa, nikaupiga. "Tena." Mara ya tano jasho lilikuwa linanitiririka na sikujua tena mkono wangu upi ni upi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa rudisha nyaya. Na uongee huku unafanya. Nataka kusikia kila kidole."

Nikapiga magoti nyuma ya kiti. Naye akapiga magoti kando yangu, akaweka mkono wake juu ya wangu. "Nachomoa wa kushoto," nikasema. "Ulikuwa umechomekwa kulia. Nauhamisha. Nachomoa wa kulia." Akazipapasa nyaya zote mbili mpaka mwisho, hadi kwenye spika, akaridhika.

"Kuna kingine," nikamwambia. "Kileleni barabara imefutika. Baada ya kona ya sabini ni mawingu. Hakuna mtu aliyepita."

Akaketi, akatafuta pedali kwa vidole vya miguu. "Imefutika machoni au masikioni?"

"Hilo sijui."

"Basi twende tukasikilize."

Akaondoka darajani. Alasiri ilikuwa imeanza kuingia, pazia likajaa ile rangi yake, na sebule ikawa inapanda mlima nasi ndani. Kona ya nne ilipita. Ya ishirini ilipita. Nilikaa kwenye stuli nikihesabu kona. Mashabiki kweli walikuwa na nyuso sasa, wote uso mmoja, na wote walitugeukia tulipopita. Kona ya arobaini. Mto ukabaki chini kabisa, uzi wa sauti, kisha haukuwepo. Ukungu ukaingia. Mama alikuwa anapumua pamoja na injini. Ya sitini na nane. Ya sitini na tisa. Ya sabini ilikuwa ndefu, imejikunja kushoto, mwamba ukituegemea kama mzigo, na tulipoimaliza lami ikakatika.

Niliona kwa macho yangu. Ukingo, halafu mawingu, halafu hakuna.

"Mama, funga breki! Barabara hakuna!"

"Ipo."

"Hakuna, Mama, ni anga tupu!"

"Utingo," akasema, bila kupandisha sauti, "nyamaza nisikie."

Nikanyamaza. Na gari likaenda juu ya mawingu. Matairi yalivuma, mvumo ule ule laini wa lami, bila pengo. Kushoto mwangwi wa mwamba usioonekana, kulia upepo. Walikuwa wamefuta picha tu. Barabara yenyewe hawakuigusa. Mama akaishika kona ya sabini na moja hewani, taratibu, kwa gia ya pili, kama anayegeuza mtoto usingizini.

Kisha changarawe zikasikika. Nikashtuka, lakini zilisagika kushoto na kulia kwa wakati mmoja, sawa kwa sawa, na mama akatabasamu. Tulikuwa kiwanjani.

Akapunguza mwendo. Akasimama. Akaweka gia katikati, akavuta breki ya mkono, akakaa kidogo akiisikiliza injini ikizunguka. Halafu akanyoosha kidole, akatafuta kitufe, akazima.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Kilitoka mbali kuliko zile spika. Mama aliweka mikono mapajani, akashusha pumzi ndefu, ya miaka.

"Imezimika," akasema.

Tulikaa hivyo mpaka pazia likapoteza rangi. Kwenye skrini gari letu dogo lilikuwa limeegeshwa juu ya wingu.

"Mwakani watatoa lingine," akasema mama.

"Watatoa."

"Litakuwa bovu."

"Litakuwa bovu sana, Mama."

"Na wewe?" Akanigeuzia uso, si sawasawa, kidogo pembeni, akiniwekea sikio. "Wewe utakuwaje?"

Niliivuta stuli mpaka magoti yetu yakagusana, nikaweka mdomo karibu na lile sikio lake la kushoto, ili asipoteze hata herufi moja.

"Nikigusa waya nitakuambia kabla sijaugusa," nikasema. "Nikishindwa, nitakuambia nimeshindwa. Na kesho nitawapigia simu wale kumi na wawili, mmoja mmoja, kwa sauti yangu, wewe ukiwa umekaa hapa unasikia. Naahidi, Mama."